Siku ya mchoraji studio, na namna ya kurudia kanvasi bila kuiua: mwongozo kamili

Kuna kanvasi yangu moja ya wavuvi pale Feri, soko la samaki la Dar, sentimita 100 kwa 70, niliianza masika ya mwaka juzi na ndani ya wiki mbili ilikuwa imesimama vizuri tu, mtumbwi mwekundu upande wa kushoto, watu watatu wamebeba matenga, bahari ya asubuhi ile ya kijivu kabla jua halijapanda. Afu nikaanza kuigusa. Leo nyekundu imezidi, kesho mtumbwi mdogo, keshokutwa bahari haijakolea, nikawa naipaka kila siku bila kujiuliza hasa kibaya ni nini, na mwezi wa saba napekua simu nakutana na picha niliyopiga siku ya tisa, nikakaa chini kabisa. Ile ya siku ya tisa ilikuwa nzuri kuliko hii iliyokuwa mbele yangu, na haipo tena, iko chini ya tabaka tano za rangi.

Kurudia picha sio kosa. Wachoraji wakubwa karibu wote wamerudia, wengine kwa miaka. Kosa ni kurudia kabla hujajua unatengeneza nini, na jicho la kujua hilo huwezi kulipata siku ile picha imeshakushinda, linajengwa na utaratibu wa kila siku, ndo maana haya mambo mawili nayaandika pamoja. Mi natumia akriliki, ile rangi ya kuchanganya na maji, na rangi za mafuta, nipo Dar, chumba kimoja cha kupanga, kwa hiyo ninayosema yamepita kwenye joto na unyevu wa pwani, kama uko Arusha au Nairobi kwenye baridi kidogo utarekebisha muda wa kukauka tu.

MWANGA KWANZA

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya na vinakwambia tafuta chumba chenye dirisha la kaskazini. Kwao ni sahihi, jua la mchana kwao liko kusini mwaka mzima kwa hiyo dirisha la kaskazini linatoa mwanga uliotulia. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi jua la mchana liko kaskazini, miezi inayobaki liko kusini. Ukifuata kitabu, mwezi wa sita unapigwa na jua kwenye kanvasi saa sita mchana huku unajiuliza mbona rangi zote zimepauka. Nairobi na Kampala ndo kabisa, karibu nusu mwaka huku na nusu mwaka kule.

Kwa hiyo usihangaike na dirisha moja, hangaika na kuutuliza mwanga. Shuka jeupe la pamba, jeupe kweli na sio la maua, litundike dirishani jua likiingia moja kwa moja. Angalia pia kinachorudisha mwanga ndani: studio yangu ya kwanza ilitazamana na ukuta wa jirani uliopakwa kijani, na mwanga wote uliokuwa unaingia ulikuja na ukijani wake, bas nikawa natia nyekundu kwenye ngozi za watu bila kujua najibu ule ukuta, picha zikifika kwenye nyumba ya mtu zinaonekana kama watu wameungua. Kama unachora usiku baada ya kazi, tafuta taa nyeupe ya LED, boksi litaonyesha kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, karibu 5000 inafaa, na hakikisha taa hiyohiyo inamulika paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi, na kanvasi. Ukichanganya rangi chini ya taa ya njano na kuipaka chini ya taa nyeupe utakuwa unabahatisha kila siku.

SIKU YENYEWE INAVYOKWENDA

Naanzaga saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu mwanga umeshatosha na joto halijawa kali. Wewe ukiwa umeajiriwa chukua muda wa saa moja na nusu usiku, haina shida, bora uwe uleule kila siku. Saa moja na nusu siku tano kwa wiki itakufikisha mbali kuliko jumamosi nzima ya kujikamua halafu wiki mbili kimya, kwa sababu mkono unasahau haraka sana, na jicho ndo linasahau haraka zaidi.

Kitu cha kwanza asubuhi hushiki brashi. Kaa. Weka kiti mita tatu kutoka kwenye picha, kama chumba ni kidogo toka mpaka mlangoni, na tazama dakika 15 na chai yako. Zile dakika chache za mwanzo, kabla jicho halijaizoea tena picha, ni za thamani sana, kwa sababu kwa muda huo mfupi unaiona kama mgeni. Kinachokusumbua kiandike kwenye daftari, sentensi moja tu. Sio "picha haiko sawa", hiyo haikusaidii kitu. Andika kama "mtu wa katikati na maji ya nyuma yake vina giza sawa ndo maana hajitokezi". Ukishindwa kuandika sentensi, siku hiyo kanvasi hiyo haiguswi, chukua nyingine. Hii sheria ndogo imeniokolea kazi nyingi kuliko brashi yoyote niliyowahi kununua.

Baada ya hapo pasha mkono dakika 20. Mkaa na karatasi za bei rahisi, chora chochote kilichopo, ndoo, viatu mlangoni, mama anayepika vitumbua nje, dakika mbili mbili kila mchoro, halafu mmoja wa dakika kumi. Hivi havikai ukutani, ni mazoezi, ila usivitupe mpaka mwezi uishe, wakati mwingine ndani yake unakuta mkao wa mtu ambao ungeutafuta siku tatu kwenye kanvasi na usiupate.

Kazi yenyewe mi nafanya vipindi viwili vya saa moja na robo, katikati napumzika nje kabisa ya chumba. Na sifanyi kanvasi moja, nakuwa nazo tatu au nne kwa pamoja. Pierre Bonnard, Mfaransa aliyefariki 1947, alikuwa anapigilia kanvasi zake ukutani bila fremu, kadhaa kwa wakati mmoja, anahama kutoka hii kwenda ile. Kuna faida ya wazi ya kukauka, moja ikiwa mbichi unafanya nyingine, lakini faida kubwa naona ni ya moyo: ukiwa na picha moja tu utaigusa hata isipohitaji kuguswa, mkono unataka kazi. Ukiwa na nne mkono unapata pa kwenda.

Paleti: panga rangi sehemu zilezile kila siku ili mkono uzijue bila kutazama. Zangu ni chache, nyeupe ya titani, oka ya njano, njano ya kadmiamu, nyekundu ya kadmiamu, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba iliyochomwa (kahawia ya giza), bluu ya ultramarini, na rangi ya ftalo kidogo sana kwa sababu ftalo ina nguvu ya ajabu, tone moja linameza nyeupe yote. Nyeusi sinunui, ultramarini na amba zinatoa giza zuri zaidi na unaweza kulivuta liwe la joto (kuelekea kahawia) au la baridi (kuelekea bluu) unavyotaka. Kwa akriliki kwenye joto letu paleti inakauka ukiwa bado unachanganya, kwa hiyo chukua lile kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko, weka chini tambara la pamba lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi weka juu ya karatasi. Ukifunga mfuniko rangi inakaa mbichi siku kadhaa. Rangi za mafuta hazihitaji hayo, kioo kilichowekwa karatasi ya kijivu chini yake kinatosha, na kijivu kinakusaidia kuona rangi ilivyo kuliko ubao mweupe unaokudanganya.

Dakika 20 za mwisho ni za kufunga. Piga picha ya kanvasi kwa simu, kila siku, sehemu ileile, mwanga uleule, simu imesimama wima. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, mwaka 1935 alipokuwa anachora mwanamke aliyelala, ile picha iliyopo sa hivi kwenye makumbusho ya Baltimore kule Marekani, alipigiwa picha 22 za hatua mbalimbali kati ya mwezi wa tano na wa kumi, akawa anaona kazi inakotoka na inakokwenda. Yeye alihitaji kamera ya enzi hizo, sisi tuna simu mfukoni. Ningefanya hivyo na ile ya Feri toka mwanzo badala ya kupiga siku niliyojisikia, nisingeifukia.

Halafu brashi. Akriliki ikikauka kwenye brashi ndo basi, kwa hiyo brashi usiyoitumia isitoke kwenye maji ila isisimamie nywele zake, ilaze. Mwisho osha kwa sabuni ya mche, sugua kiganjani mpaka povu litoke jeupe, nyoosha nywele zirudi kwenye umbo, laza ikauke. Za mafuta kwanza futa na tambara, suuza na tapentaini au waiti spiriti dirisha likiwa wazi, kisha sabuni ileile. Na hapa nisikilize vizuri: matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani yanayokuwa kwenye rangi za mafuta, usiyakunje ukayarundika kwenye kona au kwenye mfuko. Hayo mafuta yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa joto halitoki, linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Kama unalala chumba hichohicho unachochorea usilipuuze hili hata siku moja.

KANVASI INAYOSTAHIMILI KURUDIWA

Unaporudia picha unaongeza uzito na kusugua, kwa hiyo msingi ukiwa dhaifu kila kitu kitaachia. Wengi tunatumia marekani ya Kariakoo kwa sababu turubai la pamba zito la wachoraji ni ghali. Inawezekana, lakini chagua nzito, ifue kwanza kwa maji ya moto itoe wanga wa kiwandani, ikauke, ndo uivute kwenye fremu. Fremu ikizidi sentimita 80 weka mbao ya katikati, la sivyo mbao mbichi za huku zinapinda na picha inapinda nazo.

Jeso ya akriliki, ile nyeupe ya msingi inayopakwa kabla ya rangi, pakaza mikono mitatu, kila mmoja ukikauka piga msasa laini kidogo, mkono wa pili upite kwa kukatisha ule wa kwanza. Najua wengi wanachanganya rangi nyeupe ya ukuta na gundi ya mbao, hata mimi nimefanya miaka. Kwa mazoezi sawa. Kwa kazi unayotaka kuuza au kuirudia hapana, rangi rahisi ya ukuta ina chokaa nyingi, inakuwa ya unga, na ukija kukwangua tabaka la juu inatoka na kila kitu mpaka kwenye kitambaa.

Kama unatokea kwenye uchoraji wa tingatinga kuna jambo la kujua. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za makopo juu ya hadibodi, na ubao ule mgumu unazishika vizuri. Rangi hizo zikizeeka zinakuwa ngumu na za kukatika, kwenye kitambaa kinachochezacheza tabaka nene linaweza kupasuka, hasa kanvasi ikikunjwa kwa ajili ya mtalii kubeba. Ukitaka kurudia rudia kwa rangi hizo, fanyia kwenye ubao.

KURUDIA: USIANZE NA BRASHI

Picha imekushinda. Hatua ya kwanza ni kuigeuza itazame ukuta. Siku kumi kwa uchache, mwezi ni bora. Hii watu hawaipendi maana wanaona wanapoteza muda, lakini huo muda haupotei, unafanya zile nyingine tatu.

Ukiigeuza tena, ichunguze kabla ya lolote. Leonardo da Vinci aliandika kwamba mchoraji aitazame kazi yake kwenye kioo, na mpaka leo hamna njia rahisi kuliko hiyo: simama umeipa mgongo, shika kioo, tazama picha iliyogeuka kushoto kulia. Mtumbwi ulioinama, jicho lililopanda juu kuliko lenzake, vyote vinakurukia. Halafu igeuze juu chini, utaona uzito wa maumbo bila kusumbuliwa na watu na nyumba. Halafu piga picha kwa simu uitoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Hii ya mwisho kwangu ndo imekuwa mwalimu mkuu, kwa sababu mara nyingi mno tunadhani tatizo ni rangi kumbe ni giza na mwanga. Ile bahari ya Feri niliibadilisha bluu mara nne. Nilipoitoa rangi kwenye simu nikaona bahari, mtumbwi na nguo za wavuvi vyote ni kijivu kimoja, hata ningetafuta bluu dunia nzima isingesaidia, kilichotakiwa ni kuupeleka mtumbwi kwenye giza na kuyaacha maji yapauke.

Sasa andika ile sentensi. Na tatizo liweke kwenye moja ya mafungu haya: giza na mwanga, maumbo na mpangilio, rangi, au wazo lenyewe. Kila fungu lina dawa yake na dawa haziingiliani, mtu akipaka rangi mpya juu ya mpangilio mbovu anapata mpangilio mbovu wenye rangi mpya.

Kabla hujapaka, jaribu bila kupaka. Kata karatasi, ipake rangi unayoifikiria, ibandike kwa selotepu juu ya kanvasi, rudi nyuma utazame. Matisse alifanya hivi kwenye ile picha ya 1935, alikuwa anapachika vipande vya karatasi za rangi na kuvihamisha. Au funika kanvasi kavu na plastiki inayoonyesha, ile ya kufunikia vyakula, upake juu ya plastiki. Likikataa unabandua plastiki unatupa, kanvasi haijui lolote.

JUA KILICHO CHINI

Sheria haibembelezi hapa. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka, sawa. Akriliki juu ya mafuta, hapana, kamwe. Haishiki, leo itaonekana imekaa vizuri ila itakuja kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Nimeshapoteza picha mbili kwa ajili hiyo, moja ilikuwa ya mteja, ilianza kuachia pembeni baada ya miezi mitano. Na mafuta juu ya mafuta: tabaka la chini liwe jembamba lenye tapentaini zaidi, kila linalofuata liwe na mafuta zaidi kuliko la chini yake. Ukigeuza, tabaka la juu linakauka kabla ya la chini, la chini likiendelea kujinyoosha la juu linapasuka.

Kama kanvasi ni ya zamani na hukumbuki uliipaka nini, au umenunua ya mtu, chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti ya hospitali, sugua taratibu pembeni pasipoonekana. Rangi ikilainika na kutoka kwenye pamba haraka, kuna uwezekano mkubwa ni akriliki. Mafuta yaliyokauka vizuri hayatoki kirahisi hivyo. Jaribio la pili ni la kushika: kwa wembe chora mistari midogo ya kukatisha pembeni, bandika selotepu, vuta ghafla. Vipande vikija na selotepu, usijenge kitu juu yake, kwangua mpaka chini au achana nayo.

Picha ya mafuta ikikauka sehemu nyingine zinafifia, zinakuwa kama vumbi, na hapo huwezi kulinganisha rangi. Paka mafuta ya linsidi kidogo mno kwa kitambaa kisicho na manyoya, kisha futa karibu yote, rangi halisi inarudi na sasa unajua unafananisha na nini. Akriliki inakuwa na tatizo lake, inakauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo kila rangi mpya ijaribu kwenye kipande cha karatasi, isubiri ikauke, ndo uilinganishe na ya kanvasi. Dakika kumi hizo.

NJIA NNE ZA KURUDIA

Kufuta. Rangi ikiwa bado mbichi hii ndo njia safi kuliko zote. Mafuta una masaa, hata siku nzima, tambara lenye tapentaini linaondoa na kinachobaki ni kivuli cha picha, mara nyingi kivuli hicho ni kizuri kuliko ulichofuta. Akriliki una dakika chache tu, ukiwa na chupa ya kupulizia maji unaongeza kidogo.

Kukwangua na msasa. Kama kuna matuta ya rangi nene ya umbo la zamani, lazima yaondoke, kwa sababu hata ukipaka tabaka kumi juu, taa ya pembeni itayaonyesha tu. Kisu kwanza, kwa kulaza, halafu msasa namba 220 na 400 wa kutumia maji. Kanvasi isukumie kitu kigumu kwa nyuma, kitabu kinafaa, usije ukaitoboa kwenye ukingo wa mbao. Na usipige msasa mkavu, vumbi la kadmiamu sio la kuvuta, lowesha, vaa barakoa, futa matope yake kwa tambara. Mafuta lazima yawe yamekauka miezi kadhaa kabla ya kufanya hivi.

Kuna sababu nyingine ya kukwangua ambayo huioni leo: rangi ya mafuta inazidi kupitisha mwanga kadiri inavyozeeka. Umbo jeusi ulilolifunika na nyeupe nyembamba linaweza kuanza kuchungulia baada ya miaka mingi. Kwenye ile picha ya Picasso ya mzee mpiga gitaa, ya mwaka 1903 na 1904, sura ya mwanamke aliyekuwa chini yake inaonekana hafifu hata kwa macho. Kama hutaki umbo la chini lirudi, litoe, usilifiche.

Kupaka glezi, yaani rangi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyochanganywa na midiamu nyingi, ile ya kulainishia rangi. Hii ni dawa ya rangi, na ya giza na mwanga pale unapotaka kuongeza giza. Haiwezi kuangaza. Nyama ya samaki iliyokuwa baridi mno niliipa joto kwa siena nyembamba, mkono mmoja, nikaacha siku tatu, mkono wa pili. Ukitaka kuangaza unafanya kinyume, rangi nyepesi nzito kidogo kwenye brashi karibu kavu, unaipitisha juujuu ili ya chini ichungulie kwenye vinyweleo. Maji yangu ya Feri yamepauka kwa njia hii hasa.

Kuziba kabisa. Wazo lenyewe likiwa limekufa, hamna aibu, kitambaa bado kina kazi. Van Gogh alikuwa anapaka picha mpya juu ya zake za zamani kwa sababu hela ya kanvasi haikuwepo, chini ya kipande kimoja cha majani alichochora Paris 1887 watafiti walikuja kupata kichwa cha mwanamke kwa miale ya X mwaka 2008. Kama ya chini ni akriliki: msasa, ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, ikauke, jeso mikono miwili. Kama ya chini ni mafuta usitumie jeso ya akriliki, piga msasa wa maji halafu nyeupe ya mafuta nyembamba, na subiri wiki kadhaa. Ikiwa ina vanishi, vanishi itoke kwanza. Na kabla hujaziba, acha siku moja uitazame kama msingi, usiione kama picha iliyoshindikana. Mara nyingine kona moja ya rangi za zamani inastahili kubaki wazi na picha mpya ijengwe kuizunguka.

Katika njia zote hizi, rudisha picha nzima. Ukibadilisha mtumbwi, taswira ya mtumbwi kwenye maji inabadilika, kivuli kinabadilika, hata ngozi ya mtu aliyeuegemea inapokea rangi yake. Kiraka kinaonekana kwa sababu mchoraji alisimama kwenye mpaka wa kitu alichorekebisha. Mi nikitengeneza sehemu moja lazima rangi hiyohiyo niipeleke kidogo sehemu nyingine mbili tatu kabla sijaosha brashi.

LINI UACHE

Sentensi uliyoandika kwenye daftari imejibiwa? Acha. Kitu kipya kikionekana kiandike ila usikifanye siku hiyo. Mi najipa vipindi vitatu kwa kila sentensi, cha tatu kikiisha picha inarudi ukutani iwe imekubali au imekataa. Na kila kipindi linganisha na picha za simu, weka ya leo na ya wiki iliyopita pembeni, jiulize ipi ungeitundika. Siku jibu likiwa ya wiki iliyopita, shika kisu na sio brashi.

Ikikamilika, vanishi usiiharakishe. Akriliki siku chache mpaka wiki mbili zinatosha, masika ongeza kwa sababu unyevu unaizuia kukauka ndani. Mafuta miezi sita mpaka mwaka kama rangi ni nene, kabla ya hapo unafungia tabaka lisilokauka. Pakaza siku isiyo na mvua, chumba hakina vumbi, feni imezimwa. Usiiegemeze kanvasi kwenye ukuta wenye unyevu, acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite nyuma, la sivyo kuvu inaingia kwenye kitambaa, na dalili zake ni vidoti vyeusi nyuma kabla hujaona chochote mbele.

Nyuma ya kanvasi, kwenye mbao na sio kwenye kitambaa, andika kwa penseli mwaka, rangi ulizotumia, na tabaka zilivyopangana, mfano "akriliki chini, mafuta juu, imerudiwa mara 2". Wewe mwenyewe baada ya miaka minne hutakumbuka, na atakayekuja kuitengeneza siku ikichanika atakushukuru.

Ya Feri niliikwangua mwezi wa kumi na moja. Upande wa kushoto kisu kilipofika chini nilikuta kipande cha nyekundu ya siku ya tisa, kama upana wa kiganja, bado safi. Sikukipaka kitu. Mtumbwi mpya unaanzia hapo, una giza sasa, na maji yamepauka. Iko ukutani imegeuzwa tangu wiki jana, naifungua tarehe mosi.